Nani Anavunja Mchele?

Mlabani, Ifakara
9 Juni 2024

Mdogo wangu Beatus,

Tumsifu Yesu Kristo, na pokea marahaba yangu hata kabla hujaniamkia, maana najua huko kwenye kwata hamna nafasi ya adabu za nyumbani. Mimi mzima. Mama kule Kisawasawa mzima pia, ameshavuna shamba la bondeni na sasa anapigana na ngedere kwenye mahindi. Anasema tangu uende jeshini hakuna mtu wa kuwatupia mawe wakaogopa. Mimi nikienda wananiangalia tu.

Kwa kuwa simu zenu makuruta mliziacha getini, tutaandikiana kama enzi za babu. Barua hii nimempa mama mmoja muuza dagaa anayeshuka Chita kwa treni. Kaniapia ataifikisha.

Sasa kaa chini. Nimepandishwa cheo! Tangu tarehe tatu mimi ni msimamizi wa zamu ya mchana hapa kiwandani kwa Bwana Kassian. Watu kumi na wanne wananisikiliza, akiwemo Mzee Hermenegildi, fundi wa mashine, ambaye alianza kukoboa mpunga mimi sijazaliwa. Bosi alitangaza mbele ya wote kwamba amenipa cheo kwa sababu ya wazo langu moja. Hilo nitakusimulia siku nyingine.

Lakini nimepokea cheo pamoja na balaa lake. Mchele wetu unavunjika. Chenga tupu! Punje ndefu za mpunga wa Supa zinaingia kwenye mashine zinatoka vipande, kama mtu kazitafuna. Katika kila kilo mia, thelathini na moja ni chenga. Na bosi ameshasaini mkataba na mnunuzi wa Dodoma ambaye hataki zaidi ya kilo kumi katika mia. Lori la kwanza ni katikati ya Agosti. Bosi amenunua roli mpya za mpira za kumenyea mpunga, zimefungwa, chenga ziko vilevile. Sasa anasema tatizo si mashine, ni Mzee Hermenegildi, ati masikio yamezeeka, hasikii tena roli zinapobana.

Nimeambiwa nilitatue mimi. Naogopa, lakini Beatus, nikikuficha kwamba nina furaha nitakuwa muongo. Hakuna aliyewahi kunikabidhi jambo gumu namna hii.

Niandikie upesi.

Dada yako,
Eveline


Chita
23 Juni 2024

Dada Eveline,

Shikamoo! Shikamoo tena kwa cheo! Nilisoma barua yako nimesimama, nikapiga kelele, afande akanipa pushapu ishirini, nikazipiga nacheka. Sasa kombania nzima inajua dada yangu ni bosi. Msalimie Mama, mwambie nimenenepa shingo. Ngedere awaachie mahindi mpaka nirudi, nina hesabu nao.

Mambo ya huku ni moto. Tunaamka saa kumi, tunakimbia, kisha mashambani. Nakueleza kisa kimoja kwa sababu nadhani kinakuhusu. Kipande chetu cha mpunga kilikuwa hakipati maji. Mfereji umejaa kule juu, chini kwetu matope makavu. Sote tukashika majembe kuchimba mfereji uwe wa kina zaidi. Siku mbili tunachimba, mikono malengelenge, maji hayaji. Kuna kuruta mwenzetu anaitwa Agnella, binti wa Mahenge, mkimya sana. Akaweka jembe chini, akaenda mpaka kwenye lango la maji, akaanza kutembea ukingoni taratibu, akishuka pamoja na maji. Tukamcheka. Baada ya hatua kama mia tatu akapiga mluzi. Kaa walikuwa wametoboa tuta, maji yote yanaingia kwenye majani upande wa pili. Tulikuwa tunachimba mahali ambapo hapakuwa na kosa lolote!

Kwa hiyo dada, usikae kwenye mashine tu. Tembea na mpunga tangu unaposhuka kwenye lori mpaka unapoingia kwenye gunia la mchele, uone unavunjikia wapi.

Na nina maswali. Mchele ulianza kuvunjika lini hasa? Siku hizo kiwandani kulikuwa na jambo gani jipya? Na hilo wazo lako ni lipi? Umenikatia utamu.

Mdogo wako mtiifu,
Kuruta Beatus


Mlabani
2 Julai 2024

Mpendwa Beatus,

Mama amecheka habari ya shingo mpaka machozi. Anakutumia karanga, ziko kwenye mfuko pamoja na barua hii. Zikikufikia pungufu, ujue treni ina watu wenye njaa.

Nilimwiga Agnella wako, ila nilianzia mwisho nikirudi nyuma, kutoka kwenye mashine. Siku nne nimekaa na Mzee Hermenegildi. Tumefungua kila kitu. Mikanda sawa, roli sawa, nafasi kati ya roli ameipima mbele yangu kwa kipande cha karatasi ya daftari. Na kuhusu masikio yake, mdogo wangu, nilikuwa nimesimama naye mlangoni akaniambia, "Beringi ya feni inaanza kulia." Mimi sikusikia kitu. Kesho yake ikalia kweli.

Halafu nikafanya jambo ambalo bosi hakulipenda. Nilichukua gunia moja la mpunga wetu nikalipeleka kwenye mashine nyingine mtaa wa pili. Nalo likatoka chenga! Unaona? Mashine nyingine, fundi mwingine, chenga zilezile. Nilikimbia kurudi kwa bosi nikihema.

"Bosi, si mashine yetu! Si Mzee!"

Akanitazama. "Ile mashine ya mtaani inavunja hata kokoto. Hiyo si kipimo."

Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mchele usipotengemaa mpaka mwisho wa mwezi, atamtafuta fundi mwingine. Mzee Hermenegildi ana miaka kumi na tisa hapa. Ameshasikia fununu. Jana alikuja na kitambaa akafuta mashine yote, hata sehemu ambazo hakuna anayeziona.

Uliuliza ilianza lini. Wiki ya mwisho ya Mei. Lori limeingia, naacha hapa.

Dada yako,
Eveline


Chita
21 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Usishangae mwandiko, anayeandika ni Alex, rafiki yangu wa kitanda cha jirani. Mimi nasema, yeye anaandika. Mkono unauma kidogo tu. Ndiyo maana nimechelewa. Karanga zilifika zote, tumezila.

Nitasema machache. Nilikuuliza maswali matatu, umejibu moja. Nilidhani umesahau, lakini wewe husahau kitu dada, hata tarehe niliyovunja chungu cha Mama unaikumbuka. Kwenye barua yako kuna shimo mahali ambapo ulipaswa kuniambia ni nini kilikuwa kipya mwezi wa tano.

Umeutazama mpunga wenyewe kabla haujaingia kwenye mashine? Menya punje kwa mkono, uone.

Msalimie Mama. Mwambie mimi mzima kabisa.

Beatus


Mlabani
25 Julai 2024

Beatus,

Alex ndiye aliyeleta barua yako, alitumwa mjini na gari la kambi. Nikamuuliza, "Mkono wa Beatus una nini?" Akatazama viatu vyake. Na ndani ya barua nimeona neno "homa" limeandikwa kisha likakatwa mara mbili. Kwa hiyo wewe pia una shimo lako. Nijibu ukweli, Mama sitamwambia mpaka uniruhusu.

Sasa nisikilize. Nimepata! Nimepata Beatus!

Nilifanya ulivyosema. Jumanne asubuhi liliingia lori la Mama Yosefina, mkulima mmoja wa karibu na kwa Mama, mpunga mzuri kweli. Nilichukua punje mia moja kabla haujaanikwa. Nikamenya moja moja kwa kucha, nikaingia stoo kwenye giza, nikawasha tochi ya simu, nikaweka kioo juu yake na punje juu ya kioo. Mwanga ukapita ndani ya punje kama unavyopita kwenye ukucha. Safi. Katika mia, tatu tu zilikuwa na ufa.

Jioni, mpunga uleule ulipotoka uwanjani umekauka, nikachukua mia nyingine. Beatus! Punje baada ya punje ina mstari mweusi katikati, mwembamba kama unywele. Nyingine mistari miwili. Nilihesabu arobaini na mbili. Kwa nje huoni kitu, punje ni nzima, inang'aa. Lakini ndani imeshapasuka, inangoja tu kuguswa. Mashine haivunji mchele. Mashine inapokea mchele uliokwisha kuvunjika!

Niliruka pale stoo peke yangu. Niliruka kweli, nikagonga kichwa kwenye rafu. Halafu nikakaa juu ya gunia, furaha yote ikanitoka.

Ngoja nikujibu maswali yako mawili kwa mara moja, kwa sababu jibu lake ni moja. Jambo jipya la mwezi wa tano ni uwanja wa saruji wa kuanikia. Zamani tulianika kwenye turubai, tabaka nene kidogo, siku mbili. Mimi ndiye niliyemwambia bosi tumwage saruji, tutandaze mpunga kwa tabaka jembamba, jua la mchana liupige, siku moja umekauka. Malori hayangoji tena. Bosi alifurahi mpaka akanipa cheo. Hilo ndilo wazo langu. Saruji ile saa saba mchana huwezi kuikanyaga peku. Punje inakauka nje haraka, ndani bado mbichi, inajivuta, inapasuka.

Nadhani nilijua tangu uliponiuliza mara ya kwanza. Si kujua kabisa, ila nilijua nisiangalie upande ule. Ndiyo maana nilianzia kwenye mashine. Siku nne nimemfungulia Mzee Hermenegildi vyuma vyake nikitafuta kosa mahali ambapo nilitamani liwe.

Bosi amesema Jumamosi ndiyo siku ya mwisho ya Mzee. Leo ni Alhamisi. Nikisema, nimejivua cheo kwa mikono yangu. Nikinyamaza nikabadili uanikaji kimyakimya, huenda hakuna atakayejua. Lakini Mzee atakuwa ameshaondoka.

Barua hii haitakufikia kabla ya Jumamosi, najua. Nimeandika ili nijisikie nikisema.

Eveline


Mlabani
1 Agosti 2024

Beatus mpenzi,

Sijapata jibu lako na sikulingoja. Nakuandikia tena kwa sababu nikikaa kimya nitapasuka kama punje zile.

Ijumaa asubuhi nilichukua kioo, tochi na vikombe viwili vya punje, nikaingia ofisini kwa bosi. Nikamwomba amwite Mzee Hermenegildi. Akasema, "Huyo nitaongea naye kesho."

Nikasema, "Bosi, tafadhali, aje leo. Ninalosema linamhusu."

Mzee akaja, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Nikafunga dirisha. Nikawaonyesha kikombe cha kwanza, kisha cha pili. Bosi akainama, akatazama, akageuza punje kwa ncha ya kalamu.

"Hizi zimetoka kwenye mashine?" akauliza.

"Hapana. Hizi nimezimenya kwa kucha. Hazijaona mashine. Zimetoka uwanjani."

"Uwanja upi?"

"Wa saruji. Ule niliokushauri mimi. Bosi, mchele naupasua mimi. Mzee hana kosa, hajawahi kuwa na kosa."

Nilidhani atapiga kelele. Alikaa tu, akauliza nimejua lini. Nikasema kwa hakika tangu Jumanne, lakini nilikuwa na maswali ambayo niliyakimbia tangu Juni. Hapo Mzee Hermenegildi akaniangalia kwa mara ya kwanza. Hakuangalia kwa hasira. Ilikuwa mbaya kuliko hasira. Akavaa kofia yake akarudi kwenye mashine.

Bosi akasema, "Basi tubomoe uwanja?"

Na hapa ndipo nilipochangamka, kwa sababu nilikuwa nimefikiria usiku kucha. Nikamwambia tusibomoe kitu kabla hatujajaribu. Tusiamini maneno yangu mara ya pili kama tulivyoyaamini mara ya kwanza bila kupima. Anipe siku nne na magunia tisa ya mkulima mmoja.

Akanipa!

Nikagawa mafungu matatu, mpunga uleule wa Mama Yosefina. Fungu la kwanza kwenye saruji, jembamba, kama wazo langu. La pili kwenye turubai kama zamani. La tatu kwenye saruji pia, lakini unene wa vidole viwili, linageuzwa kwa reki kila nusu saa, saa sita mpaka saa tisa linafunikwa, jioni linakusanywa lipumzike chini ya turubai, kesho yake jua la asubuhi tena. Niligeuza mwenyewe. Viganja vyangu sasa ni kama vyako vya mfereji.

Jana tumekoboa. Wafanyakazi wote waliacha kazi wakaja kutazama. Mzee aliendesha mashine bila kusema neno na mimi. Bosi alishika mizani. Fungu la kwanza, chenga thelathini na tatu katika mia. La pili, kumi na moja. La tatu...

Tisa.

Tisa, Beatus! Watu walipiga vigelegele kama harusini. Chini ya kiwango cha Dodoma, bora kuliko hata zamani. Uwanja haukuwa mbaya, ulikuwa unatumiwa vibaya.

Bosi alinipa mkono. Kisha akaniita pembeni. "Zamu atashika mwenzako Dativa. Wewe utasimamia uwanja, na watu sita." Nikasema sawa. Nilipofika nyumbani nililia kidogo, nikala ugali, nikalala. Nakwambia wewe tu.

Vipi homa yako?

Eveline


Chita
3 Agosti 2024

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimepata barua yako ya tarehe 25 sasa hivi. Huu ni mwandiko wangu mwenyewe, unaona ulivyopinda. Ni malaria, dada. Nililala zahanati siku tisa, nilitunzwa vizuri, sasa nakula kama nguruwe pori. Sikusema kwa sababu Mama angepanda treni na mablanketi yote ya nyumbani. Nisamehe.

Sasa sikia. Najua Jumamosi imeshapita, lakini kama hujasema, USISEME. Badilisha uanikaji polepole, mchele utakuwa mzuri, wote watafurahi, na cheo utabaki nacho. Mzee mwombee kwa bosi kwa maneno mengine, sema ana uzoefu, sema ana familia. Kwa nini ujichome mwenyewe? Umehangaika sana kufika hapo. Na mimi hapa kila mtu ananiita shemeji wa kiwanda, nitawaambia nini?

Fikiri vizuri dada.

Beatus


Chita
10 Agosti 2024

Dada Eveline,

Shikamoo mara mia. Ichome ile barua yangu ya tarehe tatu! Ichane, iwashie jiko!

Barua yako ya tarehe mosi imefika leo. Niliisoma mwenyewe, kisha Alex, kisha Agnella akaomba. Yeye aliisoma polepole yote, akairudisha, akasema, "Huyu ndiye mtu wa kufanya naye kazi." Hajawahi kusema sentensi ndefu hivyo tangu tuanze mafunzo.

Nimekaa nikifikiria ule ushauri wangu. Niliogopa kwa niaba yako, lakini kusema kweli niliogopa pia kwa niaba yangu, nisionekane nilijisifu bure. Nimeona aibu. Kesho napewa seksheni niiongoze, watu kumi. Nimejiandikia kwenye daftari kwamba nikikosea nitasema kabla hawajamwadhibu mwingine. Sijui kama nitaweza. Wewe uliweza.

Mwambie Mama habari ya malaria. Mwambie taratibu, na ufiche blanketi kwanza.

Beatus


Mlabani
18 Agosti 2024

Mdogo wangu kiongozi wa seksheni,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama nimemwambia. Aliniuliza kama umepona, nikasema ndiyo, akaniuliza tena, nikasema ndiyo, kisha akaenda kuwafukuza ngedere kwa hasira ambayo hawajawahi kuiona. Yuko sawa. Anakutaka uandike kwa mkono wako kila wiki.

Lori la Dodoma limeondoka Alhamisi! Mtu wa mnunuzi alikuja na bomba lake la kuchomea magunia, akachoma hapa, akachoma pale, akamwaga mchele kwenye sinia, akatenganisha chenga kwa vidole. Sikuweza kutazama, nikaenda kuhesabu reki. Nilisikia tu sauti ya Dativa ikiniita kwa kelele, "Nane na nusu! Eveline, nane na nusu!" Tukakumbatiana mbele ya dereva. Dativa ni msimamizi mzuri, nilidhani nitamwonea wivu zaidi ya hivi.

Lakini sijaandika kwa ajili ya lori. Mzee Hermenegildi alikuwa hajaongea na mimi tangu siku ile ofisini. Bosi alimwomba radhi, kwa namna yake, akiwa anatazama ukuta. Mimi nilikwenda kwake siku ya pili, nikamwambia, "Mzee, nilikuacha ulaumiwe wakati nilikuwa na shaka moyoni. Nisamehe." Akajibu, "Nimesikia." Basi. Kila asubuhi namwamkia, anaitikia marahaba, anaendelea na kazi. Nikasema moyoni, na hilo pia nimelipata kwa haki.

Jana, Jumamosi, kulikuwa na mawingu tangu asubuhi. Malori manne yamepanga mstari getini, madereva wanapiga honi, bosi yuko kwenye simu anasema mchele uko tayari. Mpunga wa uwanjani ulikuwa na siku yake ya pili, lakini jua halikutoka vizuri. Mashine imeshawashwa, inanguruma.

Nikamwona Mzee anatoka kwenye chumba cha mashine. Alivuka uwanja wote mpaka nilipokuwa, ameshika punje chache kwenye kiganja. Akaninyooshea.

"Iingie au ingoje?"

Nilimtazama, nikadhani ananijaribu. Hakuwa ananijaribu. Alikuwa ananiuliza. Nikachukua punje moja nikaiuma. Ililainika kidogo chini ya jino badala ya kukatika kwa mlio, ndani bado mbichi. Honi zinalia, bosi ameshatoka mlangoni kunitazama.

"Ingoje, Mzee. Mpaka Jumatatu."

Hakuuliza la pili. Alirudi ndani, akazima mashine, na kiwanda chote kikawa kimya mpaka tukasikia mtu anafagia kule barabarani.

Dada yako,
Eveline